Mwaka Tulioacha Kuchoma Miti ya Pamba

Nilirudi kutoka semina ya Mwanza nikiwa na fulana mbili za kijani, daftari lililojaa, na kichwa kilichovimba. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha sita, kazi sina. Kwa siku tano nilikuwa nimekaa kwenye viti vya ukumbi nikielezwa kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya moshi, na kwamba viongozi wa nchi kubwa wanabishana nani aanze kupunguza wa kwake. Niliona aibu kwa niaba yao. Nikajiambia kwamba wao wakibishana, kijiji chetu kitaanza.

Kijiji chetu kiko upande wa Sapiwi. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado inahesabiwa mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto. Pamba ilikuwa imeshaingia soko huria. Ghala la chama cha ushirika lilifungwa kufuli, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, kila mmoja na bei yake na maneno yake. Dawa ya kupulizia, iliyokuwa ikiletwa na ushirika, sasa uliifuata mwenyewe dukani Bariadi mjini, na kama imechanganywa na maji utajijua. Kilichobaki cha serikali shambani kilikuwa bwana shamba mmoja mwenye baiskeli, na amri moja ambayo haikubadilika: baada ya kuvuna, kila mkulima ang'oe miti ya pamba na kuichoma kabla ya tarehe iliyotangazwa. Asiyechoma anapelekwa mahakamani.

Basi kila mwaka, mwezi wa tisa, mbingu yetu iligeuka rangi ya udongo. Mashamba yote yaliwaka. Na wiki hiyohiyo ungewaona kina mama wanatoka na mashoka kwenda kutafuta kuni, kwa sababu ile miti ya pamba ambayo ingewatosha kupikia imeishia kuwa majivu shambani. Kuni zenyewe ziko wapi? Kwetu miti iliisha zamani. Iliyobaki ilikuwa ndani ya ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma tunayafunga wakati wa mvua ili nyasi na miti ikue, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikaze. Kina mama waliingia humo kwa kuibia, tawi leo, shina kesho.

Mimi niliyaona hayo mawili pamoja nikadhani nimegundua kitu. Tusichome shambani. Miti ya pamba ikae nyumbani iwe kuni, ngitili ipumzike, miti yake ikue na kumeza moshi wa dunia. Mpaka leo naamini wazo lile halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kwangu mimi.

Wa kwanza kunisikiliza alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Alikuwa mjane, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, na marehemu mumewe alimwachia ngitili iliyokuwa nzuri kuliko zote upande ule: migunga iliyonyooka, mikwaju miwili, nyasi za kufika kiunoni. Shemeji zake waliitaka. Hawakuficha. Shangazi alikuwa amewakatalia kwa miaka mingi kwa upole ule wa mtu asiyesogea. Nilipomweleza habari za hewa na joto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kweli kuni hizo zitamtosha mpaka mvua. Nikamwambia zitamtosha. Akasema basi ataanza yeye, wenzake wataona.

Wa pili alikuwa diwani. Huyo nilidhani nitamshawishi kwa wiki nzima, kumbe alinitangulia. Alikuwa amesikia kwamba kuna wageni wanaotembelea kata zinazojali mazingira. Siku ya kupanda miti shuleni alipanda juu ya meza na kipaza sauti akatangaza kwamba kata yake itakuwa ya kwanza wilayani kupunguza moshi, na kwamba wakubwa wa dunia waje wajifunze hapa. Watu walipiga makofi, mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Nilipomuuliza kuhusu ile amri ya kuchoma, aliniambia tuendelee, hilo atalizungumza mwenyewe wilayani. Sikumwomba karatasi. Mtu amesema kwenye kipaza sauti, karatasi ya nini?

Wa tatu alikuwa bwana shamba. Alikuja siku nikiwa na kina mama wapatao thelathini nje ya ghala la ushirika, akaegesha baiskeli yake, akangoja nimalize. Alikuwa karibu kustaafu, shati lake limefuliwa mpaka kola imekatika. Alisema anaelewa shida ya kuni, na yeye hapendi moshi ule. Lakini kwenye miti ya pamba hubaki vitumba vikavu ambavyo havikufunguka, na ndani ya vitumba hivyo funza hulala kusubiri pamba ijayo. Akapendekeza jambo dogo: kina mama wavichume vile vitumba vyote, vichomwe kwenye shimo moja, kisha miti mitupu wabaki nayo. Yeye angefumba macho kuhusu amri.

Ningemkubalia siku ile, nisingekuwa na habari ya kuandika. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya watu kwamba hatuchomi kitu. Wageni walikuwa waje na kamera. Nilifikiria shimo linalofuka moshi katikati ya picha yangu nikaona linaniharibia. Na nilikuwa na mdomo. Nilimwambia, mbele ya wale mama zangu, kwamba maisha yake yote amejua kuchoma tu na ndiyo maana hata leo anatuletea kiberiti. Wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliitazama miguu yake, akapanda baiskeli akaondoka. Kicheko kile nilikifurahia, lazima niseme ukweli.

Mwaka ule hatukuchoma. Kila ua ulikuwa na rundo la miti ya pamba limeegemezwa ukutani, vitumba vyake vikining'inia. Wageni wakaja, wakapiga picha, diwani akashikana nao mikono, wakaondoka. Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la shangazi, kwa sababu yeye alikuwa mbahili wa kuni, na alikusanya hata miti ya majirani waliokuwa wavivu kubeba.

Mvua zilinyesha vizuri. Pamba iliota, ikachanua, na wakati vitumba vipya vinaanza kujaa, funza wakaingia.

Sijawahi kuona kitu kile tena. Ulishika kitumba kibichi ukakipasua, ndani kumeoza, na katikati amejikunja funza mdogo wa rangi nyekundunyekundu. Watu walipuliza dawa ya dukani, haikusaidia, wakamtukana mwenye duka, wakapuliza tena. Na kila aliyetembea mashambani aliona jambo moja: uharibifu ulikuwa mkubwa zaidi upande wa shangazi, ukawa unapungua kadiri unavyokwenda mbali na mji wake, yaani nyumba na ua wake.

Mimi niliposikia hivyo nilijua. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilimkumbuka bwana shamba anavyotazama miguu yake. Lakini kijiji hakikuwa kinafikiria vitumba. Kijiji kilikuwa kinafikiria macho ya shangazi.

Miti ya pamba huwaka haraka na kuisha haraka, ukipika nayo huondoki jikoni, unapuliza na kusukuma, unapuliza na kusukuma. Shangazi alikuwa amepika nayo miezi minane. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu, mjane, anayekaa peke yake, mwenye mali inayotamaniwa, hahitaji kosa ili aitwe mchawi. Nilikuwa nimekua nikisikia habari za vikongwe waliokutwa wamekatwa mapanga, kijiji hiki, kijiji kile, na wauaji hawajulikani. Sasa nilisikia watu wananyamaza nikipita.

Jirani aliyekuwa akienda naye kisimani alianza kwenda kwa njia nyingine. Kina mama waliacha kumwomba chumvi. Asubuhi moja nilimkuta shangazi amehamisha kigoda chake. Alikuwa amezoea kukaa mlangoni akitazama ndani, sasa alikaa akitazama nje, mgongo ukutani, akichambua mboga bila kuiangalia. Kwenye mlango, usawa wa kifua, palikuwa na alama mbili mpya za panga, zimekatwa mchana kweupe alipokuwa shambani. Nilimwambia twende Bariadi mjini, nitampangia chumba.

"Nikitoka, watasema nimekimbia," alisema. "Na ngitili wataigawana kabla sijafika barabarani."

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Siku mbili baadaye sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, walitangaza dagashida, baraza la mila, kuzungumzia funza. Kila mtu alijua maana yake. Jioni ileile kabla jua halijazama diwani alinifuata nyumbani kwa gari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wale wageni wanarudi mwezi ujao na wanafikiria kuichukua kata yetu kuwa ya mfano. Kwa hiyo barazani nisije nikasema kwamba kampeni ndiyo iliyoleta funza. Ningeua kila kitu: miti, wageni, na jina la kata. Uchaguzi nao haukuwa mbali, lakini hilo hakulitaja.

Nikamuuliza, na shangazi yangu je?

"Mambo ya wazee yana namna yake," alisema. "Yataisha yenyewe."

Nilimtazama usoni nikaona kwamba anajua vizuri yataishaje. Ninakiri nilimwogopa, na ninakiri pia kwamba kwa muda, pengine dakika nzima, nilipima. Nilifikiria ngitili zote zile zilizopata kupumua mwaka mmoja. Nilifikiria fulana zangu. Nikaona haya kiasi cha kushindwa kumuaga alipoondoka.

Kesho yake nilikwenda kwa bwana shamba. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli, akaniacha nimesimama mpaka gundi ikakauka. Nilimwomba msamaha. Alisema msamaha wangu haumsaidii yule mama. Nilimwomba basi aje barazani awaeleze watu.

"Nitakuja," alisema. "Lakini utasema wewe. Mimi nilishasema, mkacheka."

Dagashida lilikaa mchana, upande wa kivuli wa ghala lile lililofungwa. Wanaume chini mbele, mtemi wa sungusungu na wazee wake kwenye magogo, vijana wa ulinzi na marungu yao wamesimama pembeni. Diwani alipewa kiti. Wanawake walikuwa nyuma, na shangazi alikuwa kati yao lakini kila upande wake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wazi. Nilikwenda nikaijaza nafasi moja.

Mmoja wa shemeji zake alizungumza kwanza. Hakumtaja. Alisema tu kwamba funza wana mwanzo, na mwanzo wao una mlango, na mlango huo kila mtu ameuona. Wengine wakaitikia. Mtemi akauliza kama kuna mwenye neno. Barazani mwanamke hasimami mpaka aitwe, na msichana ndiyo kabisa. Nilisimama. Mmoja wa walinzi akanisogelea, na mtemi, sijui kwa nini mpaka leo, akainua kidole akamzuia.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Yalitoka machache. "Kina mama waliweka miti ya pamba nyumbani kwa sababu niliwaambia mimi. Bwana shamba alitaka vitumba vichumwe na kuchomwa kwanza, nami nikakataa, nikamtukana mbele yenu. Funza wametoka kwenye vitumba. Hakuna aliyewatuma."

Kisha shemeji akasema, taratibu kabisa, kwamba basi nimethibitisha. Rundo kubwa ni la nani? Funza wametoka kwa nani? Nimesema mwenyewe.

Nilikuwa nimemkabidhi shangazi kwa mdomo wangu, mara ya pili. Vijana wa marungu walitazamana. Nilimgeukia diwani, nikamwomba aseme kwamba alitangaza kata nzima isichome, si mama mmoja. Diwani alisema yeye alihimiza kupanda miti, hayo mengine ni ya vijana. Alisema bila kupepesa. Kisha akatazama saa.

Ndipo bwana shamba aliposimama. Hakuhutubia. Aliomba tu vijana wa ulinzi waende kwenye nyumba nne za mbali na mji wa shangazi, nyumba atakazochagua mtemi mwenyewe, wachukue kwenye kila moja mzigo wa miti ya pamba iliyobaki. Mtemi akachagua tatu akaishia hapo.

"Na ya nne iwe kwako, mtemi," alisema bwana shamba.

Mtemi akamwashiria kijana aende.

Tulingoja. Jua lilisogea, kivuli kikatuacha wanawake, hatukuhama. Mizigo ikaletwa, ikafunguliwa juu ya gunia, na bwana shamba akaanza kuvunja vitumba vikavu kimoja kimoja. Vingi vilikuwa na tundu dogo, tupu ndani, na ganda jepesi lililoachwa na funza aliyegeuka nondo akaruka. Vichache bado vilikuwa na funza amelala kati ya mbegu. Nyumba ya kwanza, funza. Ya pili, matundu matupu. Ya tatu, funza. Mzigo wa nne hakuugusa. Alimsogezea mtemi.

Mtemi alivunja mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa na tundu, cha pili pia. Cha tatu alikifungua, akamtoa funza akamweka kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu. Naye alikuwa na mke mzee nyumbani, na macho ya mke huyo, kila mtu alijua, hayakuwa meupe kuliko ya shangazi.

Wazee walijitenga kando wakazungumza Kisukuma cha haraka. Diwani aliondoka hapohapo, tukasikia gari lake linawashwa. Mwezi uliofuata aliwaleta wageni kweli, akawapeleka ngitili nyingine, upande wa pili wa kata, na nasikia walipiga picha nzuri.

Hukumu ilikuwa hivi. Miti yote ya pamba kijijini ichomwe siku hiyohiyo, isibaki hata ya kuchokonolea meno. Atakayemtaja mama yule kwa uchawi atatengwa yeye, asipewe moto wala maji, wala asizikwe na watu. Nilimshika shangazi mkono, nikadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kwa kuwa kosa limetoka kwa mtoto wa nyumba yake, na kwa kuwa nyumba zote sasa hazina kuni, ngitili yake ifunguliwe, watu wakate mpaka msimu ujao wa mavuno.

Mtu angedhani nimejifunza kunyamaza. Nilisimama tena. Nikaanza kusema kwamba miti ile imechukua miaka thelathini, kwamba wanihukumu mimi, kwamba ni ngitili pekee iliyobaki inayo...

"Kaa chini, ng'wanone," alisema shangazi. Mwanangu, ndivyo alivyoniita. "Wameniachia shingo. Waache wachukue miti."

Nikakaa. Alimshukuru mtemi kwa kupiga magoti, kama desturi, na mimi nikapiga naye. Mchana ule kijiji kizima kilifuka moshi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na mimi ndiye niliyekuwa napita ua kwa ua na kiberiti, kwa sababu bwana shamba alisema inafaa niwe mimi.

Siku ya tatu kina mama walikuja ngitilini na mashoka. Walikuwa wengi, na walikuwa na haya. Walisimama pembeni mwa nyasi wakijifanya wanarekebisha kanga. Wengi wao walikuwa wamekula kwa shangazi, na wengi wao, wiki moja kabla, wangemwacha auawe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Shangazi alitoka nyumbani na shoka lake, akanipa mimi.

Nilimwambia siwezi. Alisema wakianza wao, kesho watadhani anawawekea kinyongo, na mtu anayedhani hivyo hachelewi kushika panga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ananituma maji. Nikauendea mgunga mdogo ulio karibu, nikakata. Ulipoanguka kina mama wakaingia kila upande, na sauti ya mashoka ikajaa pale mahali.

Nililiegemea shoka nikiwa nalia na sikujificha. Shangazi alikuwa anatembea kati yao, anamwonyesha huyu shina, anamwambia yule asijikate mguu, anahesabu kwa macho nani amepata na nani hajapata. Kisha akanirudia. Akanionyesha mkwaju ule mkubwa wa katikati, ambao mumewe alikatazwa na baba yake kuugusa na yeye akaukataza kwa wote waliofuata.

"Kata na ule," alisema. "Asije akabaki mmoja hajatosheka."

Niliukata. Ulinichukua mpaka saa saba mchana.